Anayelipa Kiingilio Naye Aulizwe

Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni wapenzi wa mpira, na hata yule asiyepata nafasi ya kwenda kiwanjani huuliza Jumatatu asubuhi nani kamfunga nani. Juma hili nataka tulizungumze shauri moja ambalo kwa muda mrefu limeachwa mikononi mwa wakubwa wa mpira peke yao. Shauri lenyewe ni hili: ligi ikitaka kugeuzwa, idadi ya timu ikiongezwa au kupunguzwa, klabu ikihamishwa mji au ikibadilishwa jina, je, mtu yule anayelipa kiingilio yapasa aulizwe, au kazi yake ni kulipa, kupiga makofi na kurudi nyumbani?

Wako wasemao kwamba swali hili ni la upuzi. Husema mpira una wenyewe, yaani wenye fedha na wenye vyeo, na mtazamaji ni mnunuzi tu, sawa na mtu anayenunua sukari dukani. Mnunuzi wa sukari haulizwi kiwanda kijengwe wapi. Maneno haya yana sura ya akili, walakini hayafiki mbali. Mtu akichukizwa na sukari ya duka moja huenda duka la pili, wala hapati huzuni. Lakini ni nani kati yenu, mabwana, aliyekuwa Gor Mahia toka utoto, naye akawa Leopards kwa sababu tikiti za Gor zimepanda bei? Mtu huyo hayupo. Kwa kuwa shabiki hawezi kuhama, wenye klabu waweza kumtendea watakavyo, na hiyo ndiyo sababu ya kumpa sauti. Asiyeweza kuondoka hana budi kusikilizwa.

Mambo haya yalionekana waziwazi huko Ulaya mwaka wa 2021. Jumapili tarehe 18 Aprili, klabu 12 zilitangaza kwamba zimekusudia kuanzisha ligi yao wenyewe, nayo ikaitwa Super League. Sita zilikuwa za Uingereza, ambazo ni Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham Hotspur. Tatu zilikuwa za Hispania, yaani Real Madrid, Barcelona na Atlético Madrid, na tatu za Italia, Juventus, Inter na AC Milan. Walikusudia kuwa na timu 20, na katika hizo waanzilishi 15 wasingeshuka daraja kamwe, wacheze vizuri au wacheze vibaya. Tano tu ndizo zingeingia kwa jasho lake kila mwaka. Yaani mtu ajitengee kiti katika karamu, kisha afunge mlango, aite jambo hilo mashindano!

Wachezaji hawakuulizwa, makocha hawakuulizwa, na watazamaji ndio kabisa. Siku mbili baadaye, Jumanne, Chelsea walikuwa wacheze na Brighton mjini London. Mashabiki wa Chelsea walikusanyika nje ya kiwanja cha Stamford Bridge wakaziba barabara, hata Petr Čech, aliyekuwa golikipa wao zamani na wakati ule ofisa wa klabu, akatoka kuwasihi walipishe basi. Kabla ya usiku kwisha klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa. Shauri lililopangwa kwa siri muda mrefu likavunjika kwa saa 48 hivi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mashabiki peke yao ndio waliofanya kazi hiyo. Serikali ya Uingereza ilitishia kutunga sheria, na wakubwa wa mpira wa Ulaya walitishia kuzifukuza klabu hizo katika mashindano yao. Walakini wanasiasa hawakuamka kwa mapenzi yao tu. Waliona kelele ile, nao wanaijua hesabu ya kura. Na baada ya juma mbili, tarehe 2 Mei, mashabiki wa Manchester United waliingia ndani ya kiwanja cha Old Trafford kwa hasira juu ya wenye klabu, na mechi yao na Liverpool ikaahirishwa. Kuingia kiwanjani kwa nguvu si jambo la kusifu. Lakini yafaa tujiulize, mtu asiye na mlango wa kupitisha neno lake atalipitisha wapi?

Sasa yako mambo mawili katika habari ile ambayo watu wengi hawakuyaangalia sana, nami naona ndiyo yenye mafunzo.

La kwanza ni kwamba Real Madrid na Barcelona si mali ya tajiri mmoja. Ni klabu za wanachama, ambao huchagua rais wao kwa kura. Hata hivyo majina yao yalitangazwa katika ile Super League kabla wanachama hawajapiga kura juu yake. Barcelona walisema kwamba wanachama wataulizwa baadaye. Mkulima wa kahawa anayelisoma gazeti hili analifahamu neno hilo, "baadaye". Ndivyo halmashauri ya ushirika inavyosema ikiisha kununua lori: kwanza lori, kisha mkutano mkuu. Kwa hiyo kuwa na kadi ya uanachama si sawa na kuwa na sauti. Sauti ni kuulizwa kabla ya sahihi kutiwa.

La pili ni Wajerumani. Klabu za Bayern Munich na Borussia Dortmund hazikuingia katika shauri lile. Katika ligi ya Ujerumani iko kanuni, iliyowekwa mwaka wa 1998, inayoitwa hamsini na moja ya ziada. Maana yake ni kwamba mwekezaji akaribishwe pamoja na fedha zake, lakini katika kura za klabu nusu na kura moja zaidi lazima zibaki kwa wanachama. Ziko klabu chache zilizoruhusiwa kuwa nje ya kanuni hiyo kwa sababu ya historia yake, kama ile ya kiwanda cha dawa cha Bayer huko Leverkusen na ile ya kiwanda cha magari cha Volkswagen huko Wolfsburg. Zilizobaki hushika kanuni. Mtu mwenye shamba katika ushirika wetu hana haja ya kuelezwa zaidi, maana ndiyo desturi yetu tangu mwanzo: mwenye magunia mia ana kura moja, na mwenye magunia mawili ana kura moja.

Walakini hata huko Ujerumani mambo hayakwenda kwa ulaini. Desemba 2023 klabu 36 za daraja la kwanza na la pili zilikutana, zikapiga kura kama ligi iuze asilimia nane ya mapato ya matangazo yake ya baadaye kwa mwekezaji, fedha karibu bilioni moja za Yuro. Kura za ndiyo zilikuwa 24, hesabu ile ile iliyohitajiwa, bila hata moja ya ziada. Kisha ikazuka shaka kwamba mjumbe wa klabu moja amepiga kura kinyume cha agizo alilopewa na wanachama wake, na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri hapana aliyeweza kuthibitisha. Mashabiki hawakupigana. Walikaa kimya dakika 12 za kwanza za mechi, kimya cha makaburini, kisha wakatupa kiwanjani mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti. Mchezo ukasimama, sarafu zikaokotwa, mchezo ukaanza, zikatupwa tena. Jambo hili liliendelea juma baada ya juma, na mwezi wa Februari 2024 wakubwa wa ligi wakaliacha shauri la mwekezaji. Nakiri kwamba nilicheka niliposoma habari za chokoleti. Lakini walichodai watu wale hakikuwa cha kuchekesha. Walidai kwamba mjumbe ni mjumbe, na agizo alilopewa ni amana.

Waingereza nao wameamua kuandika sheria. Walifanya uchunguzi ulioongozwa na mbunge Bi. Tracey Crouch, taarifa ikatoka Novemba 2021, na Julai 2025 sheria ya usimamizi wa mpira ikapata kibali cha Mfalme. Sheria hiyo imeweka msimamizi asiye chini ya klabu wala chama cha mpira, nayo yazitaka klabu za madaraja matano ya juu ya wanaume kushauriana na mashabiki wao katika mambo makubwa. Klabu haiwezi kujiingiza katika ligi iliyokatazwa, wala kuuza au kuhama kiwanja chake bila idhini. Wakitaka kubadili nembo au rangi za jezi ya nyumbani, lazima waonyeshe kwamba mashabiki walio wengi wameridhia.

Jambo la rangi laweza kuonekana dogo. Waulize watu wa Cardiff. Timu yao huvaa buluu, na huitwa kwa jina la ndege wa buluu. Mwaka wa 2012 mwenye klabu aliamua wavae nyekundu, kwa kuwa aliona rangi hiyo ni ya bahati na itauzika Asia. Ilipofika Januari 2015, baada ya manung'uniko yasiyokwisha, buluu ikarudi. Na msiba wa Wimbledon ulikuwa mkubwa kuliko huo. Klabu hiyo ya London iliruhusiwa mwaka wa 2002 kuhamia Milton Keynes, mji ulio mbali nao, na mashabiki walikuwa wamepinga kwa nguvu zote. Wakaachwa bila timu. Basi wakaunda yao mwaka ule ule, wakaanza chini kabisa pamoja na timu za mitaani, wakapanda daraja baada ya daraja hata mwaka wa 2011 wakarudi katika ligi ya taifa, na mwaka wa 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane. Miaka 18 ya kurekebisha jambo ambalo kura moja ya haki ingelizuia.

Nimeeleza ya ng'ambo kwa kirefu, na najua msomaji mmoja huko Kisii au Machakos anasema moyoni, "Vema, basi na mimi wa Arsenal nipewe kura yangu." Hapa tutakosana, ndugu yangu. Sheria ile ya Uingereza inapotaja walio wengi katika jambo la nembo na rangi, yanena mashabiki wa huko nyumbani. Nami naona ni haki. Wewe umeitazama Arsenal miaka 20 katika televisheni ya hotelini, umeilia na umeishangilia, na mapenzi yako sina ruhusa ya kuyapima. Lakini timu ikihamishwa mji kesho, wewe utaendelea kuitazama katika hoteli ile ile na chai ile ile. Atakayepotewa ni yule aliyekuwa akienda kwa miguu na mwanawe kila Jumamosi. Kura huandamana na hasara. Isitoshe, mtu anayedai sauti London na hajui mwenyekiti wa timu ya mji wake ni nani, huyo simwelewi.

Na hapa kwetu hali ikoje? Ligi yetu ya taifa ilianza mwaka wa 1963, na Nakuru All Stars ndio waliotwaa ubingwa wa kwanza. Tangu hapo imegeuzwa mara nyingi, na mara nyingi kwa ugomvi. Wazee wasema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo, na mwaka wa 2015 nyasi ziliona cha kuona: Shirikisho la mpira likatangaza ligi yake, na kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikatangaza yake, zote mbili zikijiita ligi kuu. Ugomvi ulikuwa juu ya hesabu, timu 16 au 18. Ukatulizwa, ukarudi, na mwaka wa 2017 ligi ikachezwa na timu 18. Mwaka ule ule kampuni ya televisheni ya SuperSport, iliyokuwa ikionyesha mechi zetu na kulipa fedha, ikajitoa, nayo ikataja nyongeza hiyo kuwa sababu.

Mimi sisemi 18 ilikuwa hesabu mbaya. Huenda mashabiki wa bara wangalipiga kura ya ndiyo, kwa kuwa timu mbili zaidi ni miji miwili zaidi yenye mpira mkubwa, hoteli zinauza, vijana wanaona mfano. Huenda wengine wangalisema hapana, kwa ajili ya gharama za safari toka Mombasa hata Kakamega kwa timu zisizo na mdhamini. Hilo lingalisemwa mbele ya watu wote, na hesabu ya mapato na matumizi ingalitolewa mezani. Badala yake tulisoma habari magazetini, jambo likiisha kukatwa, kisha likapelekwa mahakamani.

Wakulima wa miwa wa Awendo wao wanayo ya kusema. Timu yao, Sony Sugar, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019, mdhamini mkuu wa ligi alipojitoa na fedha zikakauka, timu hiyo ilikosa kutokea katika mechi tatu, nayo ikaondolewa katika ligi kama kanuni ilivyotaka. Kanuni ni kanuni. Lakini kama watu wa Awendo wangalikuwa na kiti katika kamati ya klabu, wangalijua hatari ile kabla ya mechi ya kwanza kukosekana. Pengine wangalichanga nauli. Pengine wasingaliweza. Hawakupewa nafasi ya kujaribu.

Watakaopinga shauri hili wanayo hoja yenye uzito, nami sitaipita kimya. Watasema mashabiki wetu hawana adabu. Mwezi wa Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, watu wasio na tikiti walijipenyeza Kasarani kwa nguvu, na wakubwa wa mpira wa Afrika wakapunguza watazamaji wa kiwanja kile hata 27,000. Aibu ile ilitupata sote. Watasema tena kwamba timu zetu kubwa zina mizizi katika makabila, na kura ya mashabiki itakuwa kura ya makabila. Wala si uongo wote.

Lakini tuangalie vizuri. Mtu aliyevunja lango la Kasarani hakuwa katika daftari lolote, hana kadi, hana tawi, hakuna amjuaye. Yule aliyesajiliwa, mwenye jina na namba na mchango wa kila mwezi, ana kitu cha kupoteza. Kwa hiyo dawa ya fujo ni daftari. Na habari ya ukabila, kanuni yaweza kutengenezwa ili kila klabu, kubwa au ndogo, iwe na mjumbe mmoja wa mashabiki katika baraza la ligi. Hapo wingi wa Gor au wa Leopards hautameza wa Bandari. Huko Tanzania, Simba na Yanga, ambazo ni za wanachama toka miaka ya 1930, zilipotaka kuingiza wawekezaji zilishurutishwa kuwaachia wanachama asilimia 51. Nazo zina wapenzi wenye kelele kuliko wetu.

Daftari lenyewe ndilo kazi ngumu, naandika kama karani ninayeshinda na majalada. Klabu moja ya kaunti yetu, ambayo sitaitaja, ina daftari la wanachama linalokaa mfukoni mwa mtu mmoja. Uchaguzi ukikaribia hunenepa kama ng'ombe wa masika, uchaguzi ukiisha hukonda. Kwa daftari la namna hiyo hata kura ya haki haiwezi kupigwa. Yafaa basi daftari lifungwe miezi sita kabla ya mkutano mkuu, majina yabandikwe mahali pa wazi, na nakala yake ipelekwe kwa Msajili wa Michezo, ambaye tayari tunaye kwa sheria ya mwaka wa 2013. Na ligi ikitaka kugeuza idadi ya timu, au jinsi ya kupanda na kushuka, itoe taarifa msimu mmoja mzima kabla, pamoja na hesabu ya fedha, ili klabu ziitishe mikutano na wajumbe waende na agizo lililoandikwa. Kura zao zihesabiwe kwa mikono iliyo juu, wala si kwa siri, ili yasitupate yale ya Ujerumani.

Mambo ya kuchagua wachezaji na kocha tuwaachie wenye ujuzi. Shabiki akipewa kupanga kikosi, tutakuwa na washambuliaji 11 na golikipa hatapatikana. Lakini jina la klabu, rangi zake, mji wake na ligi itakayocheza, hayo si ya mwenyekiti wa miaka minne. Klabu nyingi zitafanya mikutano yao mikuu msimu huu ukiisha. Mwenye kadi na aende, achukue kalamu, na kabla ya kusikiliza hotuba aombe kuliona daftari.